Kipo, Hakipo: Bi Waridi Bushiri Anaondoka Meza ya Ghorofani

Jumatano tarehe 30 Juni 2004, saa kumi jioni, Bi Waridi Bushiri atazima mashine yake, atafunga droo, na hapo atakuwa amemaliza miaka kumi na saba na karibu miezi miwili ya kazi katika Karakana ya Ravindra, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Aliingia Jumatatu tarehe 4 Mei 1987. Tarehe hiyo naikumbuka bila kufungua faili, kwa sababu mimi ndiye niliyembebea taipureta yake kutoka barabarani hadi ghorofani. Mwenyewe anasema ilibebwa na watu wawili. Wote wawili nilikuwa mimi.

Anayesema hapa ni Abbasi wa stoo. Anayepiga chapa ni Zena wa mapokezi, maana mimi shule nilipita karibu tu, nikielekea kwingine. Tajiri wetu, Ravindrabhai, alitaka wasifu huu uandikwe na msomi. Akazunguka jengo zima, akakuta wasomi wote wamekuja juzi. Aliyekuwepo tangu mwanzo ni mimi. Akaniambia, "Abbasi, sema ukweli." Nimemwahidi kwamba uongo utakuwa mdogo.

Bi Waridi ni mtoto wa Magomeni Mapipa, alizaliwa mwaka 1949. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake akipika vitumbua asubuhi. Alijifunza kupiga chapa kwa vidole vyote kumi, akaajiriwa na shirika moja la umma la mambo ya uagizaji. Kazi yake ilikuwa kujaza fomu za vibali. Vijana wa leo fomu zile hawazijui. Ukitaka kuingiza vifaa nchini unajaza kurasa sita, na fomu yenyewe ilikuwa na akili zake: ukijibu ukurasa wa pili kwamba umeagiza vipuri, ukurasa wa nne unakuhusu, ukijibu vingine, ukurasa wa nne unauruka. Wenzake walikuwa wanajaza kila palipo wazi, mradi pajae. Fomu zao zilirudishwa. Za Bi Waridi hazikurudi.

Ikaja ruksa. Masharti yakalegezwa, mizigo ikaanza kumiminika bandarini, na fomu zikapungua mpaka ofisini kwao watu wakawa wanashinda wanachonga penseli. Bi Waridi hakusubiri aitwe kuambiwa. Akafunga virago, akaja Kariakoo, ambako wakati huo Ravindrabhai na mkewe Naynaben walikuwa na chumba kimoja cha ghorofani cha kutengeneza taipureta, mashine za hesabu na redio. Naynaben ndiye aliyemsaili. Alimuuliza swali moja tu: "Ukiona kazi ya fundi mbaya, utasema?" Bi Waridi akajibu kwamba atasema mbele ya mteja. Naynaben akamwajiri palepale. Ravindrabhai akawa na wasiwasi kwa miaka mitatu.

Na kweli alisema. Fundi akitoka na taipureta, kaimaliza, kaipangusa, mteja kasimama mlangoni, Bi Waridi anaingiza karatasi na kupiga herufi zote, kubwa na ndogo, namba na alama, mpaka ile alama ambayo hakuna Mtanzania aliyewahi kuitumia. Mteja akilalamika kwamba anachelewa, anaambiwa, "Kaa, baba. Ukienda nayo bila herufi K, Kariakoo utaiandikaje?" Mteja anakaa.

Miaka ya tisini katikati taipureta zikaanza kufa, zikaja kompyuta. Siyo mpya. Zilikuwa mitumba, kama mashati: zimevaliwa Ulaya mpaka zikachoka, zikafungwa kwenye kontena, zikaletwa Dar. Kontena likitoka bandarini mimi ndiye napokea. Nimebeba kompyuta nyingi kuliko mtu yeyote Kariakoo, na hilo mwenye ubishi aje tubishane akiwa na mzigo mgongoni. Tatizo ni kwamba mashine za zamani hazikuweza kubeba programu mpya, zile nzito. Ukiiwekea inawaka, halafu inaanza kufikiri, na ukienda kula ukirudi unaikuta bado inafikiri.

Hapo ndipo tukaingia Linux. Ni programu ya bure, nyepesi, na inakubali mashine maskini. Ila ina sharti lake. Ule moyo wake, ambao sisi tunauita kiini, inabidi uupike mwenyewe kulingana na mashine uliyonayo. Kabla hujaupika, unakuuliza maswali. Siyo kumi. Ni mia tano na kitu. Una kadi ya mtandao ya aina hii? Una diski ya aina ile? Kila kifaa kina dereva wake, yaani kiprogramu kinachojua kuongea na kifaa hicho tu, na kiini kinataka kujua kibebe madereva gani. Unajibu kwa herufi moja: Y ni ndiyo, kiingie ndani ya kiini, N ni hapana, M ni kwamba kiwekwe pembeni kwenye diski, kitaitwa kikihitajika. Mafundi wetu wawili walijaribu. Mmoja alifika swali la tisini akaanza kuota ndoto za mchana. Mwingine alijibu Y kwa kila kitu, kikatoka kiini kinene kisichoenea kwenye flopi, kile kidiski chembamba cha kuwashia mashine.

Bi Waridi alikuwa na miaka arobaini na nane. Akavuta kiti, akasoma maswali kumi ya mwanzo, akasema, "Hii ni fomu." Akaomba chai.

Namna yake ya kufanya kazi imekuwa sheria ya ghorofa hii, na mgeni akituona anadhani tunaswali swala ya peke yetu. Mashine inafunguliwa kifuniko kwanza. Zena anakaa kwenye skrini anasoma swali kwa sauti. Mimi nasimama kwenye mashine iliyo wazi na tochi. Bi Waridi anakaa katikati na kalamu. Zena anasoma, mimi naangalia, nasema "kipo" au "hakipo", Bi Waridi anaandika, ndipo Zena anabonyeza. Kitu ambacho hakuna jicho lililokiona hakipati Y. Namba za kwenye chipu nazisoma mwenyewe. Za Kichina namchorea. Mwisho, majibu yote muhimu anayaandika kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa kifuniko, ili miaka ijayo atakayefungua asianze upya.

Siku moja njaa ilinishika, nikaanza kusema "kipo, kipo, kipo" bila kuinama, nikiwaza ugali. Bi Waridi akaniacha. Tulipomaliza akaniuliza, "Abbasi, hii mashine ina kadi ya televisheni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na ina usukani wa kuchezea michezo, na vifaa vinane vya sauti. Tumenunua karamu." Nikarudia zote, na chakula nikala saa kumi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtu hapa ameshalisikia kwa namna yake. Namna ya kweli ni hii yangu.

Agosti 2000, tulipata kazi ya kompyuta arobaini za kufundishia walimu wa sekondari. Zilitakiwa Jumatatu, zikiwaka zote, kila moja na kadi ya mtandao. Kontena lilichaguliwa na Bi Waridi mwenyewe kwenye karatasi ya wakala, sahihi ni yake. Wakati huohuo karakana ilikuwa hoi. Mitaa yote inayotuzunguka ilikuwa inageuka maduka, na mfanyabiashara mmoja wa vitenge alikuwa anaitaka ghorofa yetu. Alishakuja kupima mlango na futi. Ravindrabhai akatuita watu sita tuliokuwepo, akasema bila kuzunguka: hii kazi ya walimu ikitoka sawa, tunaendelea, isipotoka, Jumanne anampa yule bwana ufunguo, na sisi kila mtu ashike njia yake. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaangalia sakafu.

Wiki hiyo pia alikuwa amerudi Tejas, mtoto wa kaka yake Ravindrabhai, kutoka masomoni ng'ambo. Kijana mpole, mwerevu, shati limenyooka. Alipotuona na kipo-hakipo yetu akauliza tunatumia siku ngapi kwa mashine moja. Zena akamwambia nusu siku. Tejas akapiga hesabu kichwani, akasema mashine arobaini hazifiki Jumatatu kwa njia hiyo, na zote si ni aina moja tu? Rangi moja, processor ni zilezile. "Tupike kiini kimoja, tukimwage kwenye zote. Bi Waridi, nakuheshimu sana, lakini hii ni kazi ya dakika."

Nimtendee haki, hesabu ilikuwa sahihi. Bi Waridi mwenyewe alikubali. Tulifungua mashine moja ya juu kabisa kwenye lundo, tukaifanyia maswali yote kwa utaratibu, na Tejas akakimwaga kiini hicho kwenye nyingine bila kuinama kuangalia ndani. Alhamisi asubuhi mashine kumi na nane zikawaka vizuri, tukaanza kucheka. Ya kumi na tisa ikawaka, ikaandika mistari yake, ikafika mahali ikasema haioni diski. Ikasimama. Ya ishirini vilevile. Mpaka mchana tulikuwa na kumi na nane nzima na ishirini na mbili zisizoona diski.

Tejas alifanya kila linalowezekana akiwa amekaa. Alifungua moja, akasoma jina la chipu inayoongoza diski, akarudi kwenye orodha ya maswali kutafuta dereva wake. Akaipitia mara mbili, akaipitia mara tatu. Hakuna. Akamwambia baba yake mdogo, "Dereva wa diski hizi hayumo. Swali lenyewe halipo. Linux haizijui hizi mashine." Ravindrabhai akauliza maana yake nini. Tejas akasema maana yake ni vyuma chakavu. Akasema kwa sauti ya chini, na nilimwona ameumia.

Ravindrabhai akasema basi kesho saa kumi jioni apigiwe simu yule bwana wa vitenge. Nikamwangalia Bi Waridi. Sahihi ya kontena ni yake, na wenzake watano wanaopoteza kazi pamoja naye ni sisi ambao asubuhi tunampa shikamoo, wengine wana watoto anaowajua kwa majina. Hakupandisha sauti. Akasema, "Tajiri, hiyo simu iache mpaka Jumamosi mchana. Hakuna mtu aliyeziangalia hizi."

"Tejas ameangalia."

"Ameangalia orodha," akasema. "Mimi naongelea mashine."

Akapewa mpaka Jumamosi mchana.

Ijumaa asubuhi, kabla wanaume hawajatoka kwenda msikitini, alizipanga mashine mbili mezani, moja nzima na moja mbovu, zote vifuniko wazi. Akaniita na tochi. Akawa anaangalia hii, anarudi ile. Halafu akanyoosha kalamu kwenye zile sloti, yaani mianya ya kwenye bodi ambamo unachomeka kadi. Kwenye mashine nzima meno ya sloti yalikuwa mapana, tuliyoyazoea. Kwenye mbovu yalikuwa membamba, yamebanana kama kitana cha chawa. Akaniuliza, "Abbasi, humu ulijaribu kuweka kadi ya mtandao?"

Hapa wengine wanasimulia kwamba nilitetemeka. Mimi sijawahi kutetemeka ndani ya jengo hili. Nilipanga maneno tu. Ukweli ni kwamba Jumatano nilikuwa nimepewa kadi arobaini nichomeke, na kwenye mashine hizi kadi ilikataa. Nikamwambia Tejas, "Hii inakataa." Akaniambia bila kugeuka, "Sukuma, mzee." Sasa mimi ukiniambia sukuma, nasukuma. Kadi ikavunjika vipande viwili. Nikaificha stoo nyuma ya mafeni mabovu, na zilizobaki nikasema nitazichomeka baadaye, nikitumaini baadaye haitafika.

Nikaenda kuileta. Bi Waridi akavipima vipande kwenye sloti ya mashine mbovu. Zena akasema, "Mzee Abbasi, umevunja kitu halafu umekaa nacho siku mbili?" Nikamwambia nilikuwa nakihifadhi kama ushahidi. Bi Waridi hakucheka. Alisema, "Kadi haiingii kwa sababu njia ya ndani ya hii mashine, inayounganisha kadi na bodi, siyo ile tuliyoizoea. Kwa nje ni ndugu. Ndani ni watu tofauti." Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka naingia kaburini, kwamba mashine zile nilizigundua mimi. Bila nguvu zangu kadi isingevunjika.

Kumbe ndani ya kila moja, chini ya vumbi la Ulaya, tayari kulikuwa na kadi yake ya mtandao, yenye meno membamba yanayolingana. Hakuna aliyekuwa ameinama kuiona.

Akamwambia Zena aanze maswali upya kabisa, kutoka la kwanza, kwa mashine mbovu. Tejas akaja akasimama mlangoni, mikono mfukoni. Zena akasoma. Maswali ya mwanzo huwa tunayapita mbio maana majibu yake hayabadilikagi: mashine zote tulizowahi kuzipata zilikuwa za njia ya kawaida. Zena akafika kwenye swali moja linalouliza kama mashine ina njia ya ndani ya aina nyingine, ile ya kampuni moja iliyoamua kujitengenezea ya kwake. Jibu lililowekwa tayari ni hapana, na miaka mitatu tumekuwa tukibonyeza tu na kusonga. Bi Waridi akasema, "Simama hapo." Akaniangalia mimi.

Nikainama na tochi. Meno membamba. Nikasema, "Kipo."

Akaandika. Zena akabonyeza Y. Tukaendelea, mia moja, mia mbili, adhana ikaita, tukaenda tukarudi, tukaendelea. Tulipofika sehemu ya diski Zena akasoma swali moja, akalisoma tena kimoyomoyo. Akasema, "Bi Waridi, hili jana halikuwepo."

Lilikuwa swali la dereva wa diski zile zile, jina la chipu lile lile ambalo Tejas alilitafuta mara tatu. Mbele kidogo, sehemu ya mtandao, yakatokea mengine matatu ambayo nayo hatujawahi kuyaona. Tejas akatoa mikono mfukoni, akaja mpaka kwenye skrini. Bi Waridi akamweleza kwa upole kabisa, kama anamweleza mtoto wa mtu. Maswali haya hayafutwi, yanafichwa. Aliyeyatunga hakutaka kumsumbua mwenye mashine ya kawaida kwa kumuuliza vifaa ambavyo haviwezi kuwemo kwake. Ukisema kule juu kwamba mashine yako siyo ya aina hiyo, ukurasa wa aina hiyo hauletwi kabisa. "Wewe ulitafuta ukurasa wa nne," akasema, "wakati ukurasa wa pili ulishaandika hauhusiki." Tejas akasema taratibu, "Nilijibu kwa niaba ya mashine ambayo sikuifungua." Bi Waridi akamjibu, "Tulijibu. Na mimi nilikubali."

Kiini kikapikwa. Jumamosi saa tatu asubuhi tukakiweka kwenye flopi, tukawasha. Watu wote sita tumesimama, Ravindrabhai kaja na kikombe chake. Mashine ikaandika mistari yake, ikafika palepale, ikasema haioni diski.

Nilisikia muuza kashata huko chini akigombana na mtu. Bi Waridi akaenda kwenye daftari lake, akashuka na kidole mstari kwa mstari, akasimama. Akasema, "Hili ni langu." Kwenye dereva wa diski alikuwa amejibu M badala ya Y. Kwa mazoea ya kubana kiini kisinenepe, alimweka dereva wa diski pembeni, kwenye diski. Sasa kiini kinamhitaji dereva ili kiifungue diski, na dereva mwenyewe amelala ndani ya diski hiyo hiyo. Alitueleza mwenyewe, mbele ya Tajiri, mbele ya Tejas, bila kutafuta wa kumsingizia, na mimi nilikuwa karibu kabisa, naweza kusingiziwa vizuri tu. Ravindrabhai akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki chini ya masaa matatu, na kupika upya ni karibu saa nzima.

Tukabadilisha herufi moja. Tukapika. Naynaben akaleta sinia la chai, hakuna aliyekunywa isipokuwa mimi, kwa sababu chai ya watu haiachwi. Saa tano kasoro tukawasha. Mistari ikashuka, ikafika palepale, ikapita. Ikaisoma diski. Ikaita kadi ya mtandao kwa jina. Ikatulia ikisubiri mtu aingize jina lake. Zena akaandika: waridi.

Ravindrabhai akavuta kreti. Akaikalia, akasema, "Dada, zimebaki ishirini na moja." Kisha akateremka mwenyewe kwenda kumpigia simu bwana wa vitenge, na kwa ninavyojua walizungumza kwa heshima.

Jumatatu tulipeleka arobaini. Kusema kweli mbili kati ya zile zilikuwa zimekufa kabisa, hata tochi isingezisaidia. Pengo moja tuliliziba kwa mashine ya Zena, la pili kwa mashine ya Ravindrabhai mwenyewe, ambaye kwa wiki mbili alifanya kazi zake kwa taipureta na kila siku alikuwa anamwita Bi Waridi aje amkumbushe utepe unaingiaje.

Baada ya pale ndipo Bi Waridi alipofanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hilo la Jumamosi. Alichukua majibu yote ya miaka yote akayagawa. Daftari moja la majibu ya mashine zote, yale yasiyobadilika. Halafu daftari dogo kwa kila aina, la mambo ya aina hiyo tu: njia yake ya ndani, diski zake, kadi zake, na maswali gani yatatokea ukijibu nini kule juu. Kiini kipya kikitoka, hurudii mia tano. Unachukua daftari la wote, unaongeza la aina yako, unajibu yale mageni tu. Leo yako madaftari kumi na moja kwenye rafu, na nakala zake ziko ndani ya mashine. Mafundi wa maduka mengine wanakuja kuazima. Anawaazima, ila anaandika jina la mtu na la mama yake.

Tejas alimwomba amfundishe. Bi Waridi alimsimamisha kwenye mashine iliyo wazi na tochi yangu mwezi mzima, akisema kipo, hakipo. Mimi nikawa likizo. Leo hii Tejas ndiye anayekaa katikati na kalamu, na shati halijanyooka tena. Mbali na yeye, vijana tisa wamepita mikononi mwa Bi Waridi. Wawili wana karakana zao, mmoja yuko Mwanza, na wote wakimpigia simu wanaanza kwa kusema walichokiona, siyo wanachodhani.

Kasoro zake nazo nisizifiche, maana nimeahidi ukweli. Chai yake ina tangawizi ya kufukuza mbu. Kalamu zangu tisa ziko kwenye droo yake na anajua. Mteja wa Feri, kwenye soko la samaki, alileta kompyuta iliyokaa na samaki miaka minne, chumvi imeila mpaka bodi imekuwa kama pweza aliyekaushwa, na Bi Waridi alinisimamisha juu yake na tochi saa nzima, nikisema hakipo, hakipo, hakipo, wakati harufu pekee ilikuwa jibu tosha. Na katika miaka yote kumi na saba hajawahi kukubali kwamba ile taipureta niliibeba peke yangu.

Bi Waridi, kwa niaba ya Ravindrabhai, Naynaben, Tejas, Zena na wote wa ghorofani, asante kwa macho yako na kwa kutufundisha kuinama kabla ya kusema. Tunakuombea afya, wajukuu wasikilizao, na asubuhi ndefu za Magomeni ambazo hakuna mtu atakayekuuliza swali la Y wala N. Kulikuwa na Jumanne moja ambayo tulikuwa tushuke ngazi hizi watu sita pamoja, hatuna kazi, na ufunguo uko mkononi mwa mtu mwingine. Jumatano hii unashuka wewe peke yako, kwa hiari yako, kwa mwendo wako, na sisi tutakuwa juu. Tutakuwa kazini.